Bibi wa Woodbury na Wajapani Wangu

Kanisani kwetu wananiita Mjapani. Watoto waliozaliwa huku Minnesota wanadhani niliwahi kuishi Tokyo, na wageni wakilisikia jina hilo hunikagua usoni, wakikosa wanachokitafuta huuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko. Sijawahi kufika Japani. Nikieleza jina lilikotoka watu hucheka, nami hucheka nao, maana utani wa watu wa nyumbani ukiukasirikia ndio kwanza unaupa miguu. Lakini kila nikicheka kuna kitu kinanichoma chini ya mbavu, na kitu hicho hakitokani na jina.

Mambo yalianza nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Singida, tulipoletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani atufundishe fizikia. Alikuwa kijana mpole, Kiswahili chake cha kwenye vitabu, na jioni alisahihisha madaftari yetu huku kaseti inalia. Ilikuwa bendi ya roki ya kwao: magitaa yanayokwaruza, ngoma za kishindo, na mwimbaji mwenye sauti ya mtu anayegombana na mlango uliofungwa. Wenzangu walisema ni kelele. Mimi nilijifanya mwanafunzi mwema wa kumchotea mwalimu maji, maji ambayo hakuniomba, ili nipate kusimama dirishani kwake nisikilize. Alipomaliza muda wake aliniachia kaseti ile. Niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukatika nikawa nauunga kwa gundi. Maneno niliyakariri yote, na kwa Mswahili si kazi ngumu, maana silabi zao nyingi zinaishia kwa irabu kama zetu, mdomo unateleza tu.

Nilikuja Minneapolis kusoma chuo kikuu, nikamaliza, nikapata kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Eden Prairie. Huko ndiko nilikogundua, kwenye intaneti, wakati wa chakula cha mchana, kwamba bendi yangu haikufa. Watu walewale wanne, sasa wazee wazee, walikuwa bado wanapiga. Kumbe miaka yote ile niliyodhani naomboleza kitu kilichopita, wenzangu wa huko walikuwa wanajaza kumbi. Nikaanza kuagiza santuri zao. Nikajiunga na jukwaa la mashabiki, wengi wao vijana wa Kimarekani wenye umri wa kuwa wapwa zangu, ambako sikusema umri wala ninakotoka.

Nyumbani pia sikusema. Picha za bendi nilizibandika ndani ya kabati la nguo, upande wa ndani wa mlango, kama mvulana anayemwogopa mama. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Sikuwa nimeoa. Nilikuwa mzee wa kanisa mdogo kuliko wote, naimba besi kwenye kwaya, na watu walinikabidhi funguo, magari yao na watoto wao. Mtu mzima wa kwetu akililia timu ya mpira ya Uingereza ambayo hajaiona hata siku moja, tunampa pole na kinywaji. Akikesha na rumba la Kongo tunasema huyo ana kumbukumbu. Lakini roki, tena ya Wajapani, watu wa suruali za kubana na wanja machoni? Nilijua wangesema nini, kwa sababu mimi mwenyewe ningesema hivyohivyo.

Ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika Saint Paul, Jumapili alasiri, katika kanisa tuliloazimwa na Wazungu, baada ya wao kumaliza yao na kutuachia harufu ya kahawa. Kazi yangu ya kila Jumapili ilikuwa kumpitia Bibi. Bibi aliishi Woodbury, viungani mwa Saint Paul, kwa binti yake, nesi ambaye zamu zake zilimla karibu kila mwisho wa wiki. Alitoka Moshi kuja kulea wajukuu, na wajukuu wale walimwelewa kila neno wakamjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo siku nzima alizungumza na nyumba. Woodbury bila gari ni kifungo. Akiingia kwenye gari langu maneno yalimtoka mfululizo mpaka tunafika, nami nilimpenda kwa hilo, ingawa mimi ni mtu wa kuchoshwa na watu haraka.

Kabla ya kukata kona ya kwao nilikuwa nazima muziki. Siku moja nilisahau. Aliingia, nikawasha gari, mwimbaji wangu akaanza kugombana na mlango wake kwa sauti ya juu kabisa. Bibi alishika moyo. Nilizima kwa pupa nikakaribia kuvunja kitufe.

Aliniuliza wale wanalia nini. Nikamwambia ni redio, inajishikashika yenyewe stesheni za ajabu. Akasema redio za huku nazo hazina adabu. Nikasema kweli Bibi, hazina. Nilijisikia kama Petro pale kwenye moto wa makaa, ila mimi niliulizwa mara moja tu nikakana, hata jogoo hakuhitajika.

Halafu habari ikaja kwenye jukwaa la mashabiki: bendi inakuja Marekani, na mji mmojawapo ni Minneapolis, ukumbi mdogo wa katikati ya jiji, Jumamosi moja ya Novemba. Niliisoma nikiwa ofisini nikaenda chooni kulia. Mtu mzima, kwenye choo cha ofisi ya Eden Prairie, amejifungia na kulilia magitaa.

Nikaanza kukimbia. Nilikuwa nimenenepa kwa viti vya ofisini, na mashabiki waliandika kwamba kwenye maonyesho ya bendi hii hakuna kukaa, ni kusimama na kurukaruka mwanzo mpaka mwisho. Kila asubuhi nilizunguka ziwa la karibu na kwangu, nikaacha wali wa jioni, nikaacha soda. Ilipofika Oktoba suruali zilikuwa zinanivuka. Nilijiona kijana.

Watu wa nyumbani waliona kitu kingine. Miaka ile, Mtanzania akipukutika mwili ghafla, hakuna aliyewaza mazoezi. Tulikuwa tumezika wengi mno waliokonda. Hakuna aliyeniuliza neno, maana jambo lile halikuulizwa, lakini mikono yangu ilianza kushikwa kwa muda mrefu mlangoni mwa kanisa. Mama mmoja wa kwaya alianza kuniletea mtori kwenye chupa ya chai. Mwingine aliniletea supu ya kuku aliyemfuata kwenye soko la Wahmong, wale wahamiaji wa kutoka Laos, akiwa hai, kwa sababu kuku wa madukani hawana nguvu. Mimi, mjinga, nilidhani wananihurumia kwa useja. Nilikunywa supu, nikashukuru, kesho yake nikakimbia zaidi.

Mwenyekiti wa kwaya nilipomwomba ruhusa ya kukosa mazoezi Jumamosi ile, ndipo nilipolifunga fundo kwa mikono yangu. Sikuwa nimewahi kukosa. Aliniuliza kwa upole kama kuna tatizo. Nilitazama chini nikasema nina jambo langu. Aliinamisha kichwa. Alisema Mungu anitangulie, akaondoka haraka, nami nikabaki kushangaa jinsi ruhusa ilivyopatikana kirahisi.

Jumapili ya kabla ya onyesho, nilimpitia Bibi kama kawaida. Siku hiyo hakuongea. Tulipita barabara kuu mpaka karibu na mto, ndipo akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye gia.

"Jumamosi tutafunga na kukuombea, baba," akasema. "Kanisa zima. Usiogope kisu."

Nilimwuliza kisu gani. Akasema nisijisumbue kumficha yeye, mtu akiwa na la kwenda hospitali anajulikana kwa macho. Watu wameshaelewa kwamba nafanyiwa upasuaji Jumamosi, ila hawajui ni wa nini, na hawana haja ya kujua. Mungu anajua mahali.

Hapo ilinipasa kusema. Maneno yalikuwa mepesi: Bibi, mimi ni mzima, nakwenda kwenye muziki. Niliyafikisha mpaka kwenye meno. Kisha nikaiona picha yenyewe, mimi na hiyo suti yangu ya mzee wa kanisa, nikimweleza mama wa Moshi kwamba nimekonda ili nirukeruke na Wajapani. Nikanyamaza, nikitafuta namna ya kulitamka bila kuonekana punguani. Bibi akadhani nanyamazishwa na hofu. Ndipo akanipa siri yake, kama mtu anayempa mwenzake koti.

Alisema kifuani kwake, upande wa kushoto, pana kitu kigumu kama kokwa. Kilikuwapo tangu kiangazi. Binti yake hakumwambia, maana angeacha kazi amshughulikie, naye alikuja kulea, hakuja kulelewa. Na kisu alikiogopa. Dada yake aliingia chumba cha upasuaji huko nyumbani akiwa anatembea kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo aliapa.

"Lakini nimemwambia Mungu hivi," akasema. "Nimemwambia, huyu mtoto akitoka salama, na mimi nitakwenda. Asipotoka, uniache nife na kitu changu."

Tulikuwa tumefika. Watu walikuwa wanashusha vyombo vya chakula kwenye magari yao. Nilizima gari, nikamfungulia mlango, nikamshika mkono kwa sababu palikuwa na utelezi. Nilisema asante, Bibi. Hilo tu.

Wiki ile nilijipa sababu zote ambazo mtu mwenye kisomo anaweza kujipa. Kwamba nikisema ukweli, Bibi hatakwenda kwa daktari, kwa hiyo kunyamaza ni kumwokoa. Kwamba hata hivyo nitatoka salama, hakuna atakayedanganyika kwa matokeo. Sababu nzuri zote, na hakuna iliyokuwa ya kweli. Ya kweli ilikuwa kwamba niliona aibu, na aibu yangu niliiweka kwenye mizani na kokwa la Bibi, nikaiona nzito.

Jumamosi ikafika. Nilivaa fulana nyeusi ya bendi, yenye maandishi makubwa mgongoni, na taulo shingoni kama wafanyavyo mashabiki wao. Ukumbini walijaa vijana wenye nywele za kila rangi. Msichana mmoja alinijia akaniuliza pa kuacha makoti ni wapi. Nikamwonyesha. Kijana mwingine akaniuliza choo. Wa tatu akaniletea mfuko wake akaufungua mbele yangu. Ndipo nikaelewa: mwanamume mweusi mzima, fulana nyeusi, amesimama karibu na mlango. Walidhani mimi ni mlinzi. Niliukagua mfuko. Ningefanya nini tena? Nikamwambia apite.

Kisha taa zikazimwa, wakaingia. Mwimbaji alikuwa amezeeka. Nywele zimempungua, tumbo linachungulia chini ya shati la hariri, na alipofika kwenye maikrofoni aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika bomba ndani ya basi. Halafu akafungua mdomo, na sauti ilikuwa ileile ya dirishani Singida. Niliimba. Niliimba kila neno la kila wimbo, nikaruka na watoto wa watu, jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Mama mmoja wa Kijapani aliyesimama kando yangu alinitazama mdomoni, akasahau jukwaa, kisha akaniinamia kichwa. Sijapata heshima kubwa kuliko ile tangu nifike nchi hii.

Walipopiga wimbo wa kwanza wa ile kaseti, nilimkumbuka Bibi. Wakati ule alikuwa Woodbury, hajala, hajanywa, amepiga magoti juu ya zulia la binti yake na kulitaja jina langu. Nilimkumbuka waziwazi, mpaka kitambaa chake cha kichwani. Nikaendelea kuimba. Wala sauti sikuipunguza.

Asubuhi ya Jumapili sikuwa na sauti kabisa. Nilijaribu kusema neno jikoni likatoka kama hewa ya tairi. Nilikuwa nimeamua kwenda kumwambia Bibi ukweli kabla ya ibada, na nilikusudia kweli, ila sikumpitia, maana mtu mwingine alikuwa amepangiwa kumchukua. Nilijifunga skafu nene shingoni kwa ajili ya baridi na koo lililokuwa linawaka. Nikafika nimechelewa, nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kanisa lote liligeuka. Walinitazama uso, wakatazama skafu. Mtu akasema kwa sauti, kumbe ilikuwa koo. Mama wa mtori akapiga vigelegele, wengine wakadakia, na kabla sijapata pa kukaa mchungaji alikuwa ananiita mbele. Kwetu mtu aliyevushwa hakai nalo. Anasimama, anatoa ushuhuda, wengine wapate nguvu. Nilipita katikati ya viti watu wakinigusa mabega, na nakiri kwamba miguu ilikuwa inauma, maana nilikuwa nimeruka jioni nzima, na nilichechemea. Waliona na hilo.

Niliishika maikrofoni. Nilidhamiria. Nilisema, "Sikufanyiwa upasuaji," lakini kilichotoka ni mkwaruzo, na neno pekee lililosikika lilikuwa la mwisho. Upasuaji. Amina, wakajibu. Nikajaribu tena, sauti ikakatika katikati. Mchungaji aliniondolea maikrofoni kwa huruma, akasema nisijiumize, macho yetu yanatosha kuwa masikio leo. Ningeweza kukataa. Ningeweza kutikisa kichwa, kuandika kwenye karatasi, kupiga ngumi mimbari. Nilirudi kwenye kiti changu.

Ndipo Bibi akasimama. Hakungoja kuitwa. Binti yake siku hiyo hakuwa na zamu, alikuwa amekaa pembeni yake na watoto. Bibi alisema mbele ya wote kwamba ana kitu kifuani tangu kiangazi, kwamba alikificha kwa kuogopa kisu, na kwamba kama Mungu amemrudisha huyu jana kwa leo, yeye ni nani hata akatae. Binti yake aliweka kiganja mdomoni. Kisha akamkumbatia mama yake kiunoni vilevile alivyokaa, na kanisa likalia, nami nikalia. Watu walisema ni machozi ya shukrani.

Mambo ya hospitali yalikwenda haraka, maana binti alijua milango ya kugonga. Kipimo, kingine, kisha siku ya upasuaji. Mara mbili nilikwenda Woodbury kwa nia ya kusema, na mara zote mbili nilikuta nyumba imejaa wageni na vyakula, nikala, nikarudi. Sauti yangu ilikuwa imepona zamani.

Siku yenyewe Bibi aliomba niwepo, kwa kuwa, alisema, huyu ameshapita njia hiyo. Niliomba ruhusa kazini nikafika asubuhi. Alikuwa kitandani katika kile kijigauni cha kufungwa mgongoni, amekataa kuvua kitambaa cha kichwa, na bila khanga alionekana mdogo kiasi kwamba sikujua niangalie wapi. Binti yake alitoka kwenda kuzungumza na madaktari. Tukabaki wawili.

Akaniambia nivute kiti. Alisema ana maswali, na binti yake ameshamjibu yote kwa maneno ya kikazi ambayo hayasaidii. Anataka mtu aliyelala pale mwenyewe.

"Ile nusu kaputi," akauliza, "unaisikia ikija? Au inakukuta tu?"

Akauliza kama mle ndani pana baridi. Akauliza kama mtu anaota, na kama niliota niliota nani, maana anamhofia dada yake, hataki kumkuta huko. Aliuliza kama mwanafunzi, ananitazama mdomoni asikose neno. Ningeweza kumtungia. Nilikuwa na uwongo wote tayari, umeiva: kuna joto kidogo, unalala kama mtoto, huoti kitu. Ungemfaa. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu, naye anaingia mahali ambako dada yake hakutoka, na ramani aliyoniomba mimi sikuwa nayo.

"Bibi," nikasema, "mimi sijawahi kupasuliwa."

Hakuuachia mkono.

"Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

"Kwenye muziki."

"Muziki gani?"

"Wa Wajapani. Bendi naipenda tangu shule. Sauti niliipoteza kwa kupiga kelele."

Nilisikia magurudumu ya kitanda cha mtu mwingine yakipita nje. Kisha akasema, "Ile ya redio."

"Ile ya redio."

"Haikuwa redio."

"Haikuwa redio, Bibi."

Akaniuliza wanasema nini kwenye hizo nyimbo, kitu gani kizito hivyo cha kumfanya mtu anyamaze. Nikamwambia sijui. Sijui maana ya hata mstari mmoja. Miaka yote hiyo? Miaka yote hiyo. Sikuwahi kumwuliza mwalimu, na baadaye sikuwahi kutafuta. Hapo ndipo aliponiachia mkono. Hakuutupa, aliurudisha kwangu taratibu, akauweka juu ya goti langu, kama kitu ambacho si chake.

"Nilifunga hata maji," akasema. "Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukashika."

Nilisema nisamehe Bibi. Alivuta shuka mpaka kidevuni na kwa muda nilidhani atageuka ukutani aniambie nimwite binti yake warudi nyumbani. Nilimwona akilipima. Midomo ilikuwa inatetemeka, na siyo kwa hasira, ni hofu, hofu ya kwake mwenyewe ambayo kwa wiki zote hizo alikuwa ameiegemeza kwangu, na sasa nimeiondolea ukuta.

"Kama nisingesema mbele ya watu," akasema mwishowe, "ningevaa nguo zangu sasa hivi. Lakini nimeshasema. Sasa na mimi naona aibu kurudi." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Nikitoka humu, Jumapili utasimama pale mbele, na sauti yako nzima, uwaambie wote waliofunga ulikuwa wapi. Nisipotoka, unyamaze mpaka kufa. Nisije nikasikia huko niliko binti yangu anaambiwa mama yake aliingia kisuni kwa ajili ya muziki wa Wajapani."

Nikaahidi. Binti yake akarudi na watu wa kusukuma kitanda. Bibi alivua kitambaa cha kichwa mwenyewe, akakikunja, hakunipa mimi, akampa binti yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Wakampeleka.

Tulikaa chumba cha kusubiri. Binti alizungumza kwenye simu, akatoka nje, akarudi, mwishowe akaruhusiwa kwenda kusubiri karibu zaidi kwa kuwa ni mtu wa kazi hizo. Nilibaki na televisheni isiyo na sauti. Niliomba. Niliomba kweli, kwa machozi, Mungu amrudishe yule mama. Lakini katikati ya maombi nilikuwa najua, na sikuweza kutojua, kwamba habari ina pande mbili, na kuna upande mmoja ambao ungeniacha mimi salama.

Binti alitokea mwisho wa korido anakimbia kidogo, anatabasamu, na barakoa inaning'inia shingoni.

"Ametoka salama," akasema. "Surgery imekwenda vizuri, doctor anasema wamekitoa chote. Yuko recovery, anaongea." Alicheka, akajifuta macho. "Halafu kakuulizia wewe. Amesema nikwambie neno moja tu: Jumapili. Sijui ndiyo hiyo dawa ya usingizi bado. Ana maana gani?"

Nilimshika mikono yote miwili nikasema Bwana asifiwe, kwa sauti nzima, isiyokwaruza hata kidogo. Nilikuwa nalia, na yeye akadhani ni furaha, na furaha ilikuwapo, ilikuja. Ila ilikuja ya pili. Kitu cha kwanza kilichonipata niliposikia kwamba Bibi yuko hai, kabla ya kumshukuru Mungu, kilikuwa hofu ya Jumapili.